Vidole ni Vyako

Mpakani Ruzizi, saa moja asubuhi,
askari aliitazama kadi yangu ya kura,
akanitazama mimi,
akairudia kadi.
"Huyu wa kwenye picha ni dada yako?"
Nyuma yangu mlolongo wa wanawake na mabeseni,
nyanya zao zikianza kutoa jasho.
Nilinyamaza. Utaueleza vipi
uso uliokataa jina lake?
Ndipo akaiona mikono yangu mezani,
vifundo vyeusi kama maharage ya mwaka jana,
akacheka:
"Pita, mama. Vidole ni vyako."

Miezi kumi na minne nilivipaka.
Usiku, mlango nimeukaza kwa kiti,
kibatari kimoja, kioo chenye ufa,
harufu ya dawa inayochoma pua.
Shavu lilikubali. Shingo ilikubali kidogo.
Vifundo vilikaa kimya kama mashahidi,
na watoto wa Kadutu, hawana haya wale,
wakinihesabu ngazi kwa ngazi nikipanda na maji:
Fanta usoni! Koka vidoleni!

Kopo moja la weupe
ni vikombe vinne vya sambaza.
Makopo mawili kwa mwezi.
Piga hesabu wewe;
mimi kila nikiianza naiona sahani ya Cikuru,
ugali na chumvi,
naona Ntakwinja akilamba kidole
kilichogusa mchuzi wa jana.
Uso wangu ulikula samaki wa watoto wangu,
na haukushiba.

Muuguzi Mushagalusa hakunihubiria.
Alibonyeza shavu, akangoja,
kishimo kikachelewa kufumba.
"Usiache kwa siku moja," akasema, "itawaka.
Tutapunguza polepole.
Lakini ujue, mama Cikuru,
ngozi hailishwi kwa juu.
Ina mizizi kama muhogo."

Basi nikaanza kumwagilia.
Maji niliyochemsha jana, kikombe kabla ya chai,
kikombe nikirudi kutoka sokoni,
hata pale bidoni ina deni la majirani watatu.
Lengalenga ya Kabare, isiive mpaka ikalia.
Nusu ya avoka, ile nyingine wagombanie wao.
Kitenge kichwani jua likisimama,
si kwa urembo:
shavu lililochunwa halijui kivuli,
mtu alifanyie.
Na kulala! Nani aliniambia usingizi ni uvivu?
Simu naizima, naiweka chini ya sufuria,
mwanga usinikune macho.

Wiki ya tatu niliungua kama nilivyoambiwa.
Wiki ya saba nilichubuka sikioni.
Mwezi wa tano weusi ulianza kurudi,
si wote mara moja, kwa mabaka,
kama mgeni anayechungulia kwanza dirishani
kujua kama bado wanamkasirikia.
Nabintu wa duka la kona akanivuta pembeni:
"Dada, mmefilisika?"
Nikamwonyesha kikapu changu, sambaza mpaka ukingoni,
wanang'aa kuliko kopo lolote alilowahi kuniuzia.
Hakucheka. Nilicheka peke yangu.

Jana nimevuka tena Ruzizi.
Nilikuwa nimejiandaa, uso juu,
jina langu tayari mdomoni.
Askari alikuwa mwingine, kijana, ana usingizi.
Hakuitazama hata kadi.

Nusu kopo liko bado
nyuma ya gunia la makala.
Sijalitupa. Sitakudanganya:
kuna jioni, harusi ikipita na matarumbeta,
mkono wangu unajua njia ya kufika pale
bila taa.
Lakini leo Ntakwinja amekaa magotini pangu,
ananishika shavu kwa vidole vya mafuta
kama anayepima embe,
anasema, "Mama, hapa umefanana na mimi."
Sambaza wa leo wana mchanga kidogo.
Tunawatafuna hivyo hivyo,
vichwa na yote.